Ushindi Mmoja wa Earl Ross na Pesa za Bia

Msimu wa 1974 wa NASCAR, ligi kubwa kuliko zote ya mbio za magari nchini Marekani, ulikuwa na mashindano 30. Walioonja ushindi mwaka huo walikuwa madereva watano tu. Richard Petty alishinda mara 10, Cale Yarborough mara 10, David Pearson mara 7 na Bobby Allison mara 2. Jumlisha, utapata 29. Shindano moja lililobaki lilichukuliwa na Mkanada mwenye umri wa miaka 33 aliyeitwa Earl Ross.

Wanne hao wa kwanza hawahitaji kutambulishwa kwa anayefuatilia mchezo huo. Petty alistaafu akiwa na ushindi 200, Pearson 105, na Allison na Yarborough kila mmoja alivuka 80. Wote wanne wamo katika Jumba la Heshima la NASCAR mjini Charlotte. Ross alimaliza safari yake katika ligi hiyo akiwa ameanza mashindano 26 tu, na ushindi wake ukabaki ule ule mmoja wa mwaka 1974. Mpaka leo hakuna Mkanada mwingine aliyeshinda shindano la ligi kuu.

Rekodi ya namna hii huvutia hukumu za haraka. Wapo wanaosema alibahatika siku moja, kisha uwezo wake halisi ukaonekana. Wapo wanaomhurumia na kumwita nyota aliyezimika. Naona pande zote mbili zimekosea kwa sababu moja: zinasoma namba za Ross kana kwamba zinaeleza habari za mtu na usukani wake. Mimi nikizisoma naona habari za mkataba wa udhamini ulioanza na kumalizika, na katikati yake akawapo dereva aliyeutumia vizuri kuliko ilivyotarajiwa.

Tuanze na mchezo wenyewe, kwa kuwa msomaji wa Afrika Mashariki ameuzoea zaidi ule wa rali, ambako gari moja hukimbizana na saa kwenye vumbi na matope. Mbio za NASCAR ni za magari yenye sura ya yale ya dukani. Zamani yalikuwa ya dukani kweli, lakini kufikia miaka ya sabini kilichobaki cha dukani kilikuwa sura zaidi ya kitu kingine. Magari thelathini au arobaini huachiwa pamoja kwenye barabara ya mzunguko, bati kwa bati, kwa saa tatu au nne. Dereva peke yake hawezi kitu huko. Nyuma yake kuna mtengenezaji wa injini, mafundi wanaobadilisha matairi kwa sekunde, lori la kusafirishia gari, na rundo la vipuri ambavyo vingine havitamaliza siku moja. Kila kimoja kina bei, na kinapoisha hununuliwa kingine.

Kwao mchezo huu ni majimbo ya kusini mashariki mwa Marekani: North Carolina, South Carolina, Virginia, Georgia. Wengi wa wakongwe wake walijifunza kasi kwa kuwakimbia maafisa wa kodi wakiwa wamebeba gongo milimani. Junior Johnson, atakayekuja kuwa bosi wa Ross, alikuwa mmoja wao. Katika kaunti ya Wilkes, North Carolina, familia yake ilijulikana kwa biashara hiyo, na mwenyewe alikamatwa kwenye mtambo wa baba yake na kufungwa gerezani Ohio katikati ya miaka ya hamsini. Alipotoka alirudi barabarani, akashinda mashindano 50 kama dereva, likiwemo Daytona 500 la 1960, kisha akageuka mmiliki wa timu. Rais Ronald Reagan alimpa msamaha katika miaka ya themanini.

Ross hakutoka katika ulimwengu huo. Alizaliwa Septemba 1941 katika Kisiwa cha Prince Edward, mashariki mwa Kanada, na maskani yake ya utu uzima yakawa Ailsa Craig, kijiji cha mashambani jimboni Ontario, si mbali na mji wa London wa huko. Kanada ilikuwa na viwanja vyake na washabiki wake. NASCAR yenyewe ilishavuka mpaka mapema: mwaka 1952 Buddy Shuman alishinda shindano la ligi kuu lililofanyika Niagara Falls upande wa Ontario, na mwaka 1958 Lee Petty akashinda Toronto, siku ambayo mwanawe Richard alishindana katika ligi hiyo kwa mara ya kwanza. Lakini kuja kwa wageni kushindana kwako ni jambo moja, na wewe kwenda kukaa kwao na kuwashinda ni jambo jingine. Kijana wa Ontario aliyetaka kufika juu hakuwa na ngazi ya kupandia. Hakuwa na mjomba mwenye gereji Charlotte. Injini zilizoshinda zilijengwa na watu waliojuana tangu utotoni, na siri zao zilibaki kwao.

Ngazi ya Ross ilikuwa bia. Kampuni ya Carling ilianzishwa mjini London, Ontario, katika miaka ya 1840, na bia yake ya Black Label ilikuwa ikiuzwa pande zote mbili za mpaka. Mwaka 1974 Carling ndiyo iliyokuwa ikisimama nyuma ya gari namba 52 la Ross, Chevrolet. Katikati ya msimu ikapanua mkono na kuingia katika timu ya Junior Johnson, ambayo tayari ilikuwa na Cale Yarborough. Ross akaingia pamoja na pesa hizo. Kwa mara ya kwanza aliketi katika gari lililotoka mikononi mwa watu wale wale waliokuwa wakimtengenezea Yarborough magari ya kushinda.

Hapa mkosoaji wa Ross ana hoja, na ni hoja nzito. Kiti kile hakukipata kwa kipaji peke yake. Palikuwa na madereva wa kusini waliomzidi uzoefu ambao hawakuwahi kuligusa gari la Johnson, kwa kuwa hawakuja na kiwanda cha bia. Ni kweli. Ila hoja hiyo ikikubaliwa kwa Ross, ikubaliwe kwa wote. Petty alirithi timu ya baba yake, bingwa mara tatu, ikiwa na gereji na mafundi wa familia. Pearson alikuwa kwa Wood Brothers, timu ya kindugu ya Virginia iliyofundisha ulimwengu namna ya kubadilisha matairi haraka. Hakuna kati ya watano wa 1974 aliyeshinda kwa mikono mitupu. Tofauti yao na Ross ni kwamba vya kwao vilikuwa na mizizi, na cha kwake kilikuwa karatasi iliyotiwa saini.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa dhiki. Vikwazo vya mafuta vya nchi za Kiarabu vya 1973 viliwapanga Wamarekani foleni kwenye vituo vya petroli, na mchezo wa kuchoma mafuta kwa burudani ukaonekana kama ufedhuli. NASCAR ikapunguza urefu wa mashindano kwa asilimia 10 mwanzoni mwa msimu, hata Daytona 500 ikakimbiwa maili 450. Aidha, kwa namna ambayo leo inashangaza, mwaka huo hata pointi za ubingwa zilikokotolewa kutokana na pesa: fedha za zawadi alizoshinda dereva zilizidishwa kwa idadi ya mashindano aliyoanza, kisha jibu likagawanywa kwa 1,000. Aliyepata pesa nyingi na kumudu gharama za kwenda kila mahali alipaa mara mbili. Petty akawa bingwa kwa mara ya tano. Mfumo huo ukatupwa mwaka uliofuata, lakini kwa msimu mmoja mchezo ulikuwa umesema hadharani kile ambacho kwa kawaida husemwa chumbani: msimamo wa ligi ni pia msimamo wa mifuko.

Katika msimu huo Ross aliweza kuanza mashindano 21 kati ya 30. Bado alimaliza wa nane kwa pointi. Alimaliza ndani ya kumi bora mara 10, na mara 5 kati ya hizo alikuwa ndani ya tano bora. Akatajwa kuwa dereva chipukizi bora wa mwaka, Mkanada wa kwanza kupata heshima hiyo.

Kilele kilikuwa Jumapili ya Septemba 29, huko Martinsville, Virginia. Uwanja ule ni mdogo kuliko yote ya ligi kuu: mzunguko wake haufiki hata kilomita moja, ni takriban mita 850. Una pande mbili zilizonyooka na kona mbili kali zisizo na mwinamo mkubwa, umbo la kibanio cha karatasi. Shindano liliitwa Old Dominion 500, yaani mizunguko 500, kona 1,000 ukichukulia kila mwisho wa uwanja kuwa kona moja. Huko kasi ya juu si silaha. Dereva hukanyaga breki kwa nguvu, hugeuka, hukanyaga mafuta, na kabla hajavuta pumzi anakanyaga breki tena. Asiye na subira huziunguza breki kabla ya nusu ya safari, au hugongwa, au hugonga. Wanaoshinda Martinsville ni wale wanaojua kutunza chombo na kukitumia kwa wakati mmoja.

Ross alimaliza mbele ya Buddy Baker, aliyekuwa wa pili, kwa zaidi ya mzunguko mzima. Watasema wakubwa waliharibikiwa njiani. Ndivyo mashindano ya mizunguko 500 yalivyokuwa siku zile: kuharibikiwa ilikuwa sehemu ya mchezo, na kufika ukiwa mzima ilikuwa sehemu ya ujuzi. Petty hakurudisha hata kombe moja kati ya 200 kwa sababu injini ya mpinzani ilikuwa imepasuka. Mgeni katika msimu wake wa kwanza wa maana, kwenye uwanja unaowaadhibu wageni kuliko mwingine wowote, alikaa barabarani kwa saa zote hizo bila kulipasua gari, akawaacha waliobaki kwa mzunguko mzima. Mshindi wa Martinsville, tangu 1964, hupewa saa kubwa ya mbao ya kusimama sakafuni, ambayo enzi zile ilikuwa kazi ya mafundi wa eneo hilo. Safari hii saa ilikwenda Kanada.

Uzito wa siku hiyo hupimwa vizuri zaidi kwa muda uliopita kabla haijarudiwa. Dereva chipukizi aliyefuata kushinda katika ligi kuu alikuwa Dale Earnhardt, Bristol, Aprili 1979. Asiye Mmarekani aliyefuata kushinda alikuwa Juan Pablo Montoya wa Kolombia, Sonoma, mwaka 2007, miaka 33 baadaye. Na Montoya hakuwa mtu wa kuokotwa: alifika NASCAR akiwa ameshashinda Indianapolis 500 na mashindano ya Formula 1.

Baada ya mafanikio hayo, mtu angetarajia msimu wa 1975 uwe wa Ross kujijenga. Haukuwa. Msimu wa 1974 ulipokwisha, Carling ilijiondoa. Johnson alibaki na mzigo wa timu na hesabu ya kawaida ya mwenye duka: gari moja linaweza kulipiwa, mawili hayawezi. Aliyebaki alikuwa Yarborough, na ni vigumu kumlaumu Johnson, kwa sababu Yarborough alikwenda kumletea ubingwa mara tatu mfululizo, 1976, 1977 na 1978, na katika misimu miwili ya kwanza kati ya hiyo ubavu wa gari ulikuwa na jina la Holly Farms, kampuni ya kuku ya huko huko Wilkes. Mdhamini wa jirani alidumu zaidi. Mdhamini wa mbali aliondoka na dereva wake. Waswahili walishasema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hapa aliyetegemewa hakuwa hata ndugu.

Ross alionekana mara chache tu katika ligi kuu, mara ya mwisho mwaka 1976. Miaka miwili tangu Martinsville, na mlango ulikuwa umefungwa. Akarudi Ontario na kuendelea kushindana kwenye viwanja vya nyumbani kama Delaware Speedway, karibu na London, ambako watu walimjua kwa jina na kwa gari. Jumba la Heshima la Michezo ya Magari la Kanada lilimwingiza katika orodha yake. Alifariki Septemba 2014 akiwa na miaka 73.

Kuna kejeli moja ndani ya kisa hiki ambayo sijaona ikisemwa vya kutosha. Junior Johnson, aliyempoteza Ross kwa kukosa mdhamini, ndiye mtu aliyeubadilisha mchezo mzima kuwa wa wadhamini. Serikali ya Marekani ilipopiga marufuku matangazo ya sigara kwenye televisheni kuanzia 1971, kampuni za tumbaku zilibaki na pesa bila pa kuzitangazia. Johnson alikwenda kwa R.J. Reynolds kuomba udhamini wa gari lake, akakuta wana fedha nyingi kuliko gari moja linavyoweza kula, akawaelekeza kwa wakuu wa NASCAR. Toka hapo ligi ikaitwa kwa jina la sigara ya Winston kwa zaidi ya miaka 30. Mlango uliofunguliwa na Johnson uliwatajirisha wengi na kuukuza mchezo kuliko alivyoota mtu. Pia ulihamisha uamuzi wa nani anaendesha kutoka gereji hadi ofisi za mauzo, kwa watu ambao hawahitaji kujua breki za Martinsville zinafanyaje kazi.

Atakayesema hayo ni ya kale, atazame Wakanada waliofuata. Ron Fellows wa Windsor, bingwa wa barabara za kona nyingi, alimaliza wa pili katika ligi kuu mara mbili huko Watkins Glen, mwaka 1999 nyuma ya Jeff Gordon na 2004 nyuma ya Tony Stewart, na mwaka 2008 akashinda Montreal kwenye mvua katika ligi ya daraja la pili. Pamoja na hayo yote, katika ligi kuu alibaki mtu wa kuitwa siku mojamoja, pale timu ilipohitaji fundi wa kona. D.J. Kennington wa St. Thomas, bingwa wa ligi ya Kanada mwaka 2010 na 2012, alisubiri hadi 2017 kushiriki Daytona 500, Mkanada wa kwanza kufanya hivyo tangu Trevor Boys mwaka 1988. Halafu yupo Raphaël Lessard wa Quebec. Oktoba 2020 alishinda Talladega katika ligi ya magari ya pikapu akiwa kijana mdogo. Mwaka uliofuata, msimu haujafika nusu, kiti kikamtoka kwa sababu fedha za udhamini zilikauka. Badilisha majina na tarehe, na umepata mkasa wa Ross ukiwa mzima.

Najua jibu la wenye mchezo. Watasema magari ni ghali, anayelipa ana haki ya kuchagua, na bila Carling Ross asingeonekana kabisa. Nakubali yote matatu. Sidai kwamba kampuni ya bia ilimdhulumu. Ilinunua tangazo, ikalipata, ikaacha kununua. Ninachopinga ni hatua inayofuata, pale sisi washabiki na waandishi tunapochukua uamuzi wa kibiashara na kuugeuza kuwa hukumu juu ya uwezo wa mtu. Kampuni hufunga daftari lake Desemba kwa sababu zake, na miaka hamsini baadaye tunasema dereva hakuwa na pumzi. Daftari la kampuni halikusema hivyo, na barabara ya Martinsville ilisema kinyume chake.

Kosa hilo lina madhara nje ya heshima ya marehemu mmoja. Linaufundisha umma kwamba vipaji hutokea mahali fulani tu. Kwa kuwa Kanada ina ushindi mmoja katika ligi kuu, ni rahisi kudhani Wakanada hawana la kufanya kwenye viwanja vile. Dhana hiyo humfikia mwenye kampuni anayepanga bajeti ya mwakani, naye huona afadhali pesa zake ziende kwa kijana wa Carolina. Baada ya muda namba zinathibitisha dhana iliyozizaa, na hakuna anayekumbuka nani alianza.

Kwenye majedwali ya rekodi za mbio hizi utakuta safu nyingi: mashindano aliyoanza dereva, aliyoshinda, mara ngapi alikuwa ndani ya tano bora, mizunguko aliyoongoza, fedha alizopata. Mimi ningeongeza safu moja: miezi aliyokaa kwenye gari lenye uwezo wa kushinda. Kwa Petty ingejaa miongo. Kwa Ross ingeandikwa nusu ya msimu mmoja tu, ule wa 1974. Ukisoma ushindi wake mmoja ukiwa kando ya tarakimu hiyo, swali la kama alistahili linaisha lenyewe. Linabaki la kuwauliza wanaoendesha mchezo huu, kule Charlotte na kwingineko: wangapi walirudi nyumbani bila hata hiyo nusu ya msimu, na ni kwa kigezo gani tunajua hawakuwa bora kuliko tunaowaita bora?